Trekta la dizeli lililokaa muda mrefu: soma dalili kabla ya kununua vipuri

Trekta lililoachwa nje misimu kadhaa bila kuwashwa huonekana limekufa, na mara nyingi halijafa. Limeziba, limeshika kutu, limeingia maji, nyaya zake zimetafunwa na panya. Shida ni kwamba kasoro hizi huja zote kwa pamoja, na kasoro ya bei rahisi hujivika sura ya ile ya bei ghali. Filta ya hewa iliyoziba hutoa moshi mweusi uleule wa nozo (vinyunyizi vya dizeli) zilizochoka. Waya wa betri ulioliwa na kutu huifanya stata nzima ionekane imeungua. Hapo ndipo fedha za watu zinapoishia, kwenye vipuri ambavyo trekta halikuvihitaji.

Kama bajeti ni ndogo, fedha ya kwanza iende kwenye vitu vinne: kitabu cha ufundi cha modeli yako, mita ya umeme, oili mpya, na filta zote za dizeli na oili. Usinunue kipuri kingine chochote hadi kipimo kikuonyeshe kuwa kimekufa.

Kabla ya kugusa ufunguo

Hamu ya kusikia trekta likinguruma siku ileile lililofika ni kubwa, na imeua injini nyingi nzima. Anza kwa kuangalia bomba la moshi. Kama limesimama wima na halina kifuniko, mvua imekuwa ikiingia humo muda wote trekta lilipokuwa limekaa. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda ikakuta maji juu yake, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda, na hapo umegeuza kazi ya siku moja kuwa kazi ya kufungua injini yote.

Kwa hiyo toa nozo zote, weka gia kwenye nyutro, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kubwa kwenye nati ya mbele ya krenkishafti (shafti kuu ya injini), mizunguko miwili kamili. Kama kuna maji yatatokea kwenye matundu ya nozo. Simama pembeni, usichungulie tundu.

Vuta kijiti cha oili. Oili ya rangi ya maziwa ina maji. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka dizeli imechanganyika na mafuta. Zote mbili zimwagwe kabla ya kuwasha, na chanzo chake kitafutwe (nitafika huko). Fungua njia ya hewa uitazame hadi ndani, kwa sababu panya na nyigu hupenda kujenga humo. Fungua bomba la chini la tangi la dizeli umwage uchafu na maji yaliyotuama.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: kuna watu huwasha trekta kwa kugusisha bisibisi kwenye stata wakiwa wamesimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia, gurudumu la nyuma linawapanda. Watu wanakufa hivi kila mahali palipo na matrekta ya zamani. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti, na kama swichi ya usalama imeharibika itengeneze, usiiruke.

Ukigeuza ufunguo: kimya, au mlio mmoja wa "tak"

Chanzo cha kwanza ni betri, cha pili ni nyaya zake. Stata yenyewe inakuja mbali sana nyuma ya hao wawili.

Pima betri ikiwa imetulia saa kadhaa bila kuchajiwa. Betri nzima ya volti 12 husoma 12.6 au juu kidogo. Ikisoma chini ya 12.0 imeisha chaji. Ichaji kwanza kabla ya kuihukumu. Kisha mtu mwingine ageuze ufunguo huku wewe unasoma mita: wakati stata inavuta, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Betri iliyochajiwa vizuri ikianguka hadi 7 au 8, hiyo imekufa ndani.

Betri ikifaulu, elekeza mita kwenye nyaya. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, stata ikivuta. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme wako unapotea kwenye waya wa ardhi. Rudia kati ya nguzo chanya na boliti kubwa ya stata. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kimeokoa stata nyingi zilizokuwa njiani kwenda kwa fundi. Dawa ni kufungua kila kiungo, kukisugua kwa msasa hadi chuma king'ae, na kukifunga tena kwa nguvu. Rangi chini ya kituo cha waya wa ardhi inatosha kabisa kuzuia trekta lisiwake.

Ukimya kamili, bila hata "tak", mara nyingi ni swichi ya usalama ya klachi au ya nyutro, au fyuzi. Mlio wa "tak" baada ya betri na nyaya kufaulu ni solenoidi (swichi kubwa ya stata) au kaboni za stata zilizokwisha. Kaboni na bushi ni vipuri vidogo. Usikubali haraka kuuziwa stata nzima.

Angalizo kwa matrekta ya Uingereza ya miaka ya 1950: mengi yalitoka kiwandani nguzo chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Hakikisha lako likoje kabla ya kufunga betri, hasa kama mtu aliyelimiliki kabla yako aliweka altaneta (jenereta ya kuchajia betri). Na siku zote toa waya wa ardhi kwanza, uurudishe mwisho. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo cheche zisiwe karibu nayo.

Injini imeshika, haizunguki hata kwa spana

Usikate tamaa kabla ya kulegeza boliti za stata. Wakati mwingine gia ndogo ya stata imekwama kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na injini haina tatizo lolote. Pia kanyaga klachi ujaribu tena: injini ikizunguka klachi ikiwa chini, kilichokwama ni giaboksi.

Ikiwa ni injini kweli, karibu kila mara ni ringi za pistoni zilizoshikana na silinda kwa kutu. Toa nozo, mimina kila silinda mchanganyiko wa nusu dizeli na nusu oili ya giaboksi za otomatiki, uache. Siku tatu ni mwanzo tu. Wiki mbili si nyingi. Ongeza inapopungua. Kila siku jaribu kwa spana ndefu, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulazimisha. Injini ikisogea hata upana wa kidole umeshinda, endelea kuitikisa mbele na nyuma hadi imalize mzunguko.

Kulivuta trekta kwa trekta jingine likiwa kwenye gia ili "liachie" ni njia ya kuvunja konrodi, ringi na meno ya gia kwa mpigo mmoja. Ikishindikana kwa subira, hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) itolewe, na kama hujawahi kutoa hedi, huyo ni fundi.

Ikiachia, izungushe kwa stata nozo zikiwa nje ili imwage kile kimiminika chote, kisha badilisha oili ya injini kabla ya kuiwasha.

Stata inazungusha vizuri, injini haiwaki

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo fedha nyingi huokolewa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inahitaji mambo matatu tu: mzunguko wa kasi ya kutosha, dizeli inayofika kwa shinikizo, na hewa inayoshindiliwa hadi iwe moto. La kwanza ulishalipima hapo juu. Sasa tazama bomba la moshi huku mtu akizungusha stata.

Hakuna moshi hata kidogo? Dizeli haifiki. Kuna moshi mweupe au wa kijivu lakini haiwaki? Dizeli inafika ila haipati joto la kutosha. Uchunguzi huu wa sekunde kumi unakugawia kazi nusu kwa nusu.

*Dizeli haifiki.* Anza na kizimio. Kamba ya kuzimia iliyoshika kutu ikabaki imevutwa ni chanzo cha kawaida mno. Kama kizimio ni cha umeme, washa ufunguo usikilize pale kwenye injekta pampu (ile inayosukuma dizeli hadi kwenye nozo): lazima kigonge mara moja. Kisipogonga, pima kama volti 12 zinafika. Baada ya hapo: bomba la tangi limefungwa, chujio la kioo limejaa matope, filta imeziba, upepo umeingia kwenye mabomba.

Upepo ndio mwenzako wa kudumu kwenye trekta la namna hii. Bomba kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvutia likiwa na ufa halidondoshi dizeli hata tone moja. Linanyonya hewa kimyakimya. Ndiyo maana mtu hutafuta unyevu asiupate. Badilisha mipira yote mifupi na washa zote za shaba za njia ya dizeli kwa pamoja. Ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na siku utakazopoteza ukivibadilisha kimoja kimoja.

Kisha toa upepo, kwa mpangilio huu, kutoka tangini kuelekea injini:

1. Jaza tangi dizeli safi angalau nusu, fungua bomba lake.
2. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta. Piga mkono wa pampu ndogo hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza huku bado inatiririka. Mkono ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, pampu imesimama kwenye kilele cha kinundu cha shafti kinachoisukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena.
3. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu za injekta pampu, ya chini kwanza, ya juu baadaye.
4. Legeza nati za mabomba ya chuma pale yanapoingia kwenye nozo, weka akselereta hadi mwisho, zungusha stata hadi dizeli irukeruke kwenye kila nati. Kaza. Washa.

Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo. Ipe dakika moja au mbili ipoe.

Ukishafika hapo, kama dizeli safi inaingia kwenye injekta pampu lakini haitoki upande wa nozo, ndani ya pampu kuna kitu kimeshika, kwa kawaida kwa sababu ya maji au dizeli iliyogeuka gundi. Simama. Injekta pampu haifunguliwi barazani. Inafungwa na kupimwa kwenye mashine maalumu, na uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuiharibu. Itoe mwenyewe ukitaka kupunguza gharama, ila weka alama kwenye flanji na kwenye gia kabla ya kuitoa, maana ikirudi meno yasipokaa mahali pake injini haitawaka.

*Dizeli inafika, kuna moshi, haiwaki.* Angalia kipasha joto: plagi za kupashia au hita ya njia ya hewa. Pima kama umeme unafika, kisha pima upinzani wa kila plagi. Nzima huwa na takriban omu moja au chini yake, iliyokatika haina njia kabisa. Kama trekta lina vipasha joto vya aina hii, usipulize ile dawa ya kopo ya kuwashia ndani ya njia ya hewa. Inalipuka kabla ya wakati, na imepasua njia za hewa na pistoni.

Baada ya hapo ni nozo, kisha nafasi ya valvu, na mwisho kompresheni (nguvu ya kushindilia hewa). Nozo zipelekwe zote kupimwa mnyunyizo. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko nozo moja mpya. Unapozirudisha weka washa mpya ya shaba chini ya kila moja, na hakikisha ya zamani haikubaki ndani ya tundu. Mbili zikipandana nozo inakaa juu kuliko inavyotakiwa.

Kompresheni ya injini ya dizeli yenye afya huwa kati ya bar 20 na 30 hivi, lakini muhimu zaidi ni silinda zilingane. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tia oili kidogo ndani yake na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Hata hivyo usitoe hukumu ya mwisho kwa injini iliyokaa muda mrefu. Ringi zilizonata huachia zenyewe baada ya saa kadhaa za kazi ya wastani, na kompresheni ikapanda bila wewe kununua kitu.

Inawaka, inaenda dakika chache, inazima

Fungua mfuniko wa tangi mara inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. Lizibue kwa sindano, kazi imekwisha. Si hivyo? Basi ndani ya tangi kuna uchafu unaovutwa hadi kwenye tundu la kutokea, unaziba, injini inazima, uchafu unarudi chini, injini inawaka tena. Huu mzunguko huwachosha watu kwa sababu kila filta mpya inaonekana kusaidia kwa muda. Toa tangi, lioshe lote. Ute mweusi unaoteleza ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Ukiacha mabaki, vinarudi.

Kinyume cha kuzima ni hatari zaidi: injini inayopanda kasi yenyewe na haizimiki. Hutokea pale injekta pampu iliyokaa inapokwama ikiwa wazi, au injini inapovuta oili yake yenyewe kwa sababu imejazwa kupita kiasi. Siku ya kwanza ya kuwasha, toa bomba la hewa la mbele na uwe na ubao bapa mkononi. Ikikimbia, ziba njia ya hewa kwa ubao. Usitumie kiganja wala kitambaa.

Moshi

*Mweusi:* dizeli nyingi, hewa kidogo. Filta ya hewa kwanza, siku zote. Ile ya beseni la oili ifunguliwe yote, waya wake wa ndani uoshwe kwa dizeli, na oili mpya ijazwe hadi alama, isizidi. Baada ya filta ni nozo. Mwisho kabisa ni skrubu ya kiwango cha juu kwenye injekta pampu iliyochezewa na mtu aliyetaka nguvu zaidi. Utaijua kwa sababu lakiri yake imekatwa.

*Mweupe:* wa asubuhi unaoisha injini ikipata joto usikusumbue. Ukiendelea huku injini inatetemeka, kuna silinda isiyochoma. Itafute kwa kulegeza nati ya bomba la nozo moja moja injini ikiwa kwenye silensa (inanguruma polepole bila mzigo), ukiwa umevaa glavu na miwani. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umeipata. Moshi mweupe pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta ni habari nyingine, iko chini.

*Wa bluu:* oili inaungua. Punguza oili kama imezidi, kwenye injini na kwenye beseni la filta. Kisha lifanyishe trekta kazi ya wastani siku chache kabla ya kusema ringi zimekwisha. Injini inayotoa bluu kidogo lakini inavuta vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi. Kwa mtu mwenye bajeti finyu, kuongeza oili ni nafuu kuliko kuifumua.

Inachemka

Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Maji yaliyo chini ya shinikizo hugeuka mvuke ghafla na kuunguza uso. Subiri hadi uweze kushika rejeta kwa mkono.

Mara nyingi rejeta imeziba kwa nje, makapi na vumbi vilivyoganda kwa oili. Osha kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa feni kuelekea mbele, kinyume cha njia ya upepo. Kisha mkanda wa feni: ukibonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama mm 12. Kisha maji yenyewe, mfuniko, na mipira iliyolainika ambayo hujikunja ndani pampu inapovuta.

Thermostati inapimwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nyingi huanza kufunguka karibu na nyuzi 80 za Selisiasi na lazima uione ikifunguka. Wengi huitupa wakidhani wanasaidia injini. Injini isiyopata joto lake hukusanya ute kwenye oili na kuchakaza silinda, kwa hiyo rudisha nzima mahali pake. Na acha kujaza maji matupu. Maji ya kisima huacha chokaa ndani, na kwenye injini zenye silinda zinazozungukwa na maji moja kwa moja, kukosa dawa ya rejeta ya kuzuia kutu hutoboa silinda polepole kutoka nje.

Mapovu yanayotoka kwenye rejeta mara tu injini baridi inapowashwa, mpira wa juu ukawa mgumu ndani ya dakika moja, ni gasketi ya hedi au ufa. Hapa zima na usiwashe tena. Kutoa hedi na kubadilisha gasketi mtu mwangalifu anaweza, akifuata mpangilio na nguvu ya kukaza iliyoandikwa kitabuni. Kupima kama hedi imepinda na kuisawazisha ni kazi ya karakana ya mashine.

Presha ya oili iko chini, au oili inaongezeka

Geji za trekta kuukuu hudanganya. Kabla ya kuogopa beringi, funga geji ya mkono yenye bomba kwenye tundu la kipima presha. Kama presha iko chini kweli, angalia kiwango, kisha uzito wa oili uliotumika, filta, na valvu ya kupunguza presha ambayo takataka ndogo inaweza kuiacha wazi. Beringi ni za mwisho. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini pamoja na presha ndogo unamaanisha kuzima papo hapo; ukiendelea, krenkishafti nayo inaharibika, na hiyo ndiyo gharama inayomfanya mtu aliuze trekta kama chuma chakavu.

Oili inayoongezeka na kunuka dizeli: mpira wa ndani wa pampu ndogo ya kuvutia umepasuka, na huu hubadilishwa kwa urahisi, au sili ya mbele ya injekta pampu imekwisha, ambayo inapelekwa kwa fundi wa pampu. Usilifanyishe kazi trekta lenye oili ya namna hiyo. Beringi zinakosa utando wa kuzilinda, na oili ikizidi ndiyo ile inayoweza kuikimbiza injini.

Gia haziingii, klachi haiachii

Rekebisha mchezo wa pedali kwanza kulingana na kitabu. Kama haukusaidia na trekta lilikaa kwenye unyevu, diski imeshikana na flaiwili. Zuia pedali ikiwa chini kwa kipande cha mbao, uache hivyo siku kadhaa, huku ukiigonga na kuiachia mara kwa mara. Matrekta mengi yana kifuniko cha ukaguzi chini ya nyumba ya klachi. Ukipita hapo unaweza kupenyeza ubapa mwembamba kati ya diski na flaiwili. Usinyunyize oili humo.

Njia ya pili ni kuipasha injini moto, kuizima, kisha kuliwasha trekta likiwa kwenye gia kubwa katika uwanja wazi usio na mtu wala ukuta mbele, pedali chini, kisha kukanyaga breki kwa vipigo vifupi. Linaondoka mara stata inapozunguka. Ifanye tu kama breki na kizimio umeshavijaribu.

Isipoachia, trekta linakatwa katikati. Trekta nyingi za kilimo hazina chasisi; injini na giaboksi ndizo mwili wenyewe, na boliti zikitoka nusu mbili nzito zinasimama peke yake, ile ya mbele ikibembea juu ya ekseli. Bila stendi imara, kabari za ekseli na mtu aliyewahi kuifanya kazi hii, usianze. Likishafunguliwa, badilisha diski, beringi ya klachi na sili ya nyuma ya injini kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufika hapo ndiyo ghali.

Mikono ya nyuma hainyanyui

Kuna matrekta, Massey Ferguson 35 likiwemo, ambayo pampu ya haidroli inazungushwa na mfumo wa PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana). Lever ya PTO ikiwa haijaingizwa, mikono haipandi hata kama kila kitu ni kizima. Anza hapo.

Kisha kiwango cha oili, na rangi yake. Kwenye matrekta mengi oili ya haidroli ni ileile ya giaboksi, na maji huingia kupitia mpira uliopasuka wa lever ya gia. Acha trekta litulie usiku kucha, legeza boliti ya chini, maji yatatoka kwanza. Oili ikiwa imekuwa maziwa yote, imwage yote. Chujio la ndani lioshwe wakati huohuo.

Oili yenye povu inamaanisha pampu inavuta hewa upande wa kunyonya. Mikono inayonyanyua injini ikiwa baridi na kushindwa oili ikipata moto inaonyesha pampu iliyochakaa. Inayopanda vizuri lakini kushuka mara unapozima, sili ya pistoni ya haidroli au valvu inavujisha.

Shusha zana hadi ardhini kabla ya kulegeza chochote, na usiingie chini ya zana iliyonyanyuliwa kwa haidroli pekee. Uvujaji utafute kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono. Dizeli ya nozo na oili ya haidroli zinapenya ngozi. Jeraha linakuwa dogo kama la sindano, halina maumivu makubwa, na mtu hulipuuza. Mkono unaweza kukatwa kwa kuchelewa. Nenda hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kuwa ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo.

Breki, usukani, matairi

Breki inayovuta upande mmoja: rekebisha pande zote mbili zilingane. Ikiwa upande mmoja haushiki kabisa, sili ya ekseli imevujisha oili kwenye bitana, na bitana zilizolowa oili hazisafishiki, zinabadilishwa pamoja na sili. Usukani wenye mchezo mkubwa mara nyingi huanzia kwenye bolijointi (viungo vya fimbo za usukani), si kwenye boksi. Mtu aucheze usukani huku wewe umeshika kila kiungo kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

Tairi la nyuma lililokaa bila upepo na kutoka kwenye rimu, au rimu iliyoliwa na maji ya chumvi yaliyowekwa ndani kuongeza uzito, lipelekwe kwa fundi wa matairi makubwa. Likipasuka wakati wa kujazwa linaua. Na kama fremu ya kinga juu ya kiti iling'olewa na mwenye trekta wa zamani, irudishe, na mkanda wake, kabla trekta halijaingia kwenye mteremko wowote.